Mombasa hadi Homa Bay: Angani ni Karibu, Safari Ndiyo Ndefu

Ukipiga mstari kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi Kabunde kule Homa Bay, utapata takriban kilomita 680. Hadi Lichota, Migori, zinapungua kidogo, kama 660. Ndege ya panga, mfano wa zile zinazotua Malindi na Ukunda, ingeumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu hivi.

Lakini nani anasafiri hivyo? Ndege za abiria za Kabunde na Lichota zimekuwa zikitegemea Nairobi. Isitoshe, ndege nyingi za viwanja vidogo huanzia Wilson, ilhali nyingi za Mombasa hutua JKIA. Basi msafiri anashuka, anachukua mzigo, anatafuta teksi, anakula foleni hadi Wilson, kisha anasubiri. Ikiwa ya mchana imeshaondoka, atalala Nairobi kwa gharama yake. Saa alizokaa angani hazifiki mbili, na siku imekwisha.

Wajuaji hupitia Kisumu. Jambojet imekuwa ikirusha ndege moja kwa moja kutoka Mombasa, na ukishatua, Homa Bay ni kama saa mbili kwa matatu. Anayeenda Migori ana kazi zaidi, kwani kwa kawaida huvuka Kisii na Rongo, saa tatu na ushei. Kwa Mpwani, basi, uwanja wa Homa Bay ni Kisumu, hata Kabunde ikarabatiwe mara ngapi.

Wengi hawana hata hilo. Wao ni basi la usiku, zaidi ya kilomita 800 za lami. Mikindani, Changamwe na Likoni kuna familia nyingi zenye asili ya huko, na msiba haungoji. Mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya siku tatu kwenda kuzika, mbili zinaishia barabarani.

Homa Bay iliandaa Madaraka Dei mwaka 2025, mada ikiwa uchumi wa samawati, na Agosti hiyo hiyo ikapokea kongamano la ugatuzi. Bahari na ziwa zilitajwa pamoja, na magavana wa Pwani wana la kujifunza kwa wenzao wa omena na sangara. Ila biashara ya samaki haiendi kwa hotuba.

Ndege ya moja kwa moja si rahisi, tukubaliane. Njia za kurukia za Kabunde na Lichota ni fupi kuliko ya Kisumu, kwa hivyo ni ndege ndogo tu, na shirika halitarusha viti vitupu. Kinachowezekana mapema ni tiketi moja ya safari nzima, ndege zote mbili zikikutana uwanja mmoja wa Nairobi, ratiba zikipangwa abiria wa asubuhi kutoka Mombasa aiwahi ya Homa Bay. Jaribio lianze Desemba, mwezi ambao hata basi hupati kiti.