Fimbo, maombi na mapepo ya mtihani

Kuna jambo limekuwa likinikera kwa muda mrefu na leo nimeamua kulitoa rohoni. Kila mwaka ikikaribia Septemba, darasa la saba wakijiandaa na mtihani wa taifa, na tena Novemba kwa kidato cha nne, habari huwa ni zilezile: WANAFUNZI WAANGUKA MAPEPO. Wasichana wamelala chini ya mwembe, walimu wanawapepea kwa madaftari, mzazi mmoja anasema shule ilijengwa juu ya makaburi, mwenyekiti wa kijiji anataka mganga, mchungaji anasema hapana, yeye ataombea. Shule inafungwa siku mbili, habari imeisha. Hakuna anayeuliza swali dogo tu: mbona mapepo haya yanaijua ratiba ya Baraza la Mitihani?

Sibishani na imani ya mtu, jamani. Anayetaka kuomba aombe. Ninachobishana nacho ni uvivu wetu wa kufikiri. Katika kazi hii ya kuzunguka na kijitabu na kinasa sauti nimepita shule kuanzia Kishapu, Kahama, Masumbwe hadi Katoro na Nyarugusu, na kitu ninachokiona kila mahali hakijifichi. Watoto wetu wanaogopa. Wanaogopa mtihani, wanaogopa kusimama mbele ya wenzao, wanaogopa kuchekwa. Wengine woga huo umeshapita ule wa kawaida na umekuwa ugonjwa unaowala taratibu. Sisi watu wazima tunaoitwa walimu, wazazi, viongozi na waandishi tuna dawa mbili tu kabatini: fimbo na maombi.

Nianze na historia maana tunapenda kujifanya haya mambo yameanza jana. Januari 30, 1962, mwezi mmoja na nusu tu baada ya Uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, huko Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikachanganyika na kilio, kikaenea. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95. Machi 18 shule ikafungwa, watoto wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukasafiri nao hadi vijiji vingine kama Nshamba. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na mwaka 1963 wakaandika kwamba hawakukuta sumu wala vijidudu. Watafiti waliokuja baadaye waliona jambo lililo wazi: vijana wamebanwa kwenye mazingira makali, hawana pa kusemea, basi mwili ukasema kwa niaba yao. Septemba 2008 tena, Tabora, wasichana wapatao 20 wakaanguka shuleni, wengine wakilia na kukimbia ovyo. Zaidi ya miaka 40 imepita kati ya matukio hayo mawili na bado tunaita mganga!

Na tuelewane: msichana anayeanguka HAIGIZI. Mwili wake umezima kweli. Kwanza apimwe, maana inaweza kuwa malaria, kifafa au njaa ya kutokula tangu jana. Lakini vipimo vikiwa safi, msimpe kichapo eti anadeka, wala msimtangaze kijiji kizima kuwa ana jini.

Hebu tuuangalie huo woga unavyofanya kazi. Mtu akiona hatari mwili unajiandaa kukimbia au kupigana: moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa jasho, tumbo linavuruga, haja ndogo kila dakika. Ukikutana na fisi porini Bukombe hiyo inakusaidia. Kwenye chumba cha mtihani inakuangusha, kwa sababu ile sehemu ndogo ya akili tunayoitumia kushikilia namba na hatua za hesabu inajazwa na mawazo ya "nitafeli, baba ataniua, watanicheka". Mtoto aliyesoma kweli anaangalia swali na haoni kitu. Akitoka nje tu, jibu linarudi. Mwalimu anasema mvivu huyu.

Woga wa watu nao una ujanja wake. Mtoto anaogopa kunyoosha mkono, hanyooshi, anapata nafuu ya dakika tano. Nafuu ile ndiyo sumu, maana kesho woga umekua kidogo, keshokutwa umekua zaidi, na mwisho hasemi kabisa. Woga wa namna hii mara nyingi huanza kwenye umri wa miaka 13 hivi. Huo ndio umri tunaompeleka kidato cha kwanza! Mtoto wa Usukumani nyumbani anaongea Kisukuma, miaka saba amesoma kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaamka anakuta kila kitu kwa Kiingereza. Akikosea kitenzi kimoja darasa zima linamzomea na mwalimu anacheka nalo. Halafu tunashangaa "watoto wa siku hizi hawajiamini".

Sasa ongeza na ya kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na watoto wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga ndiyo iliyoongoza kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Kila anayeishi huku anajua habari za mzazi anayemwambia binti wa darasa la saba aandike majibu ya uongo afeli makusudi, kwa sababu ng'ombe wa mahari wanasubiri. Mtoto huyo akikaa kwenye dawati Septemba anaogopa kufaulu na anaogopa kufeli kwa wakati mmoja. Tunamwambia "jiamini, Mungu yupo". Kujiamini gani? Woga wake una sababu, na sababu hiyo ina jina na ina idadi ya ng'ombe.

Wavulana je? Wao hawaanguki chini ya mwembe, wao wanapotea. Ukanda wote wa dhahabu, Mgusu, Rwamgasa, Nyarugusu, Kakola, kuna duara na karasha zinazongoja mikono. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzito kuhusu watoto wanaochimba na kushika zebaki Geita, Shinyanga na Mbeya. Tunasema umaskini ndiyo unawapeleka, na ni kweli. Lakini muulize kijana wa miaka 15 pale kwenye mwalo aliachaje shule. Wapo watakaokwambia alichekwa mbele ya darasa, akachapwa kwa maksi, akaona heri mashimoni ambako hakuna anayemwita ubaoni.

Tuje kwenye fimbo sasa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iwe kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Nisaidieni: kupata 30 kwenye hisabati ni utovu wa nidhamu wa aina gani? Kuna shule nimeshuhudia matokeo ya mtihani wa utamilifu yakisomwa mstarini, jina na maksi, na kila alama iliyopungua ina kiboko chake. Mtoto anayetetemeka tayari unamfundisha kwamba mtihani ni maumivu na kadamnasi ni aibu, kisha unamtaka aupende.

Najua mtasema: "Mbona sisi tulichapwa na tumefika?" Jamani, waliofika ndio wanaosema! Wale walioacha shule kwa woga hawapo mjini kusoma maandishi haya, hawana wa kuwasemea. Huwezi kuhesabu walionusurika peke yao ukaita ushahidi.

Wengine mtasema haya ni mambo ya Kizungu. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanyika KENYA, kwa mradi unaoitwa Shamiri, neno la Kiswahili kabisa. Wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona na wasiwasi waligawanywa. Kundi moja lilikutana kwa saa moja kwa wiki, wiki 4 tu, wakizungumza juu ya kushukuru, mambo wanayoyathamini, na kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika. Kundi jingine walifundishwa mbinu za kusoma. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi. Dalili zilipungua zaidi kwa kundi la kwanza, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi 7. Hakuna dawa, hakuna hospitali, hakuna mganga. Saa nne!

Hapahapa Tanzania kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika shule 8 za sekondari za serikali. Walimu waliopewa mafunzo ya siku tano na nusu juu ya kuongoza darasa bila ukatili walipunguza kupiga na kutukana kuliko wenzao ambao hawakupewa. Tena Arusha walimu wa sekondari wameshawahi kufundishwa kuhusu afya ya akili ya vijana na uelewa wao ukapanda. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani kwa mwalimu wa Kitanzania. Imewezekana.

"Hakuna fedha." Hili ndilo linalonichekesha kuliko yote, hasa likisemwa Geita! Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mgodi unapaswa kukubaliana na halmashauri kila mwaka mpango wa kusaidia jamii. Tunapata madarasa, madawati, zahanati, na ni jambo jema. Ni mpango gani umeandika mstari mmoja kwa ajili ya mwalimu wa ushauri na unasihi aliyefunzwa kweli, siyo yule aliyepewa cheo kwa sababu ana vipindi vichache? Vipande vya saruji tunavihesabu mbele ya kamera, na mtoto anayetapika asubuhi ya mtihani hatumo kwenye hesabu hiyo.

Ninachodai hakihitaji kongamano. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aanze kuzungumza kwa ngazi: leo amweleze wa dawati lake, wiki ijayo kundi la wanne, mwezi ujao asimame mbele, na anayezomea ndiye aonywe. Kabla ya mtihani watoto wazoezwe kukaa kwa muda uleule kwenye chumba kilekile, waanze na swali wanalolijua, wajue kuvuta pumzi na kuitoa taratibu. Wapewe dakika kumi waandike hofu zao kwenye karatasi. Wanasaikolojia wa Chicago walilijaribu hilo mwaka 2011 na wenye woga wakafanya vizuri zaidi. Maksi zisisomwe mstarini. Na binti akimwambia mwalimu kuwa nyumbani kunaandaliwa harusi, hapo unasihi peke yake hautoshi: ni ustawi wa jamii na polisi, siku hiyohiyo.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Nililipongeza. Lakini shule binafsi bado zinabandika mabango ya sura za watoto wa "division one", na huku mikoani fimbo ya matokeo haijapumzika.

Tatizo letu kubwa ukitamka afya ya akili mtu anawaza Mirembe, minyororo na watu wanaookota makopo. Kumbe mgonjwa tunayemzungumzia ni mdogo wako aliyeko kidato cha pili, mpole, mwenye mwandiko mzuri, ambaye kila mtu anasifu kwamba "hana maneno". Umewahi kumuuliza kwa nini hana maneno?

Muulize leo. Usimwachie mganga.