Likizo Inaisha Kabla ya Siku Yake

Sisi wenye vijana wa sekondari tuna malalamiko, na tumeyanyamazia vya kutosha. Siku za mwanzo wa Januari, joto la kaskazi likiwa juu na hela ya Desemba imeshaishia kwenye sikukuu, ndizo siku ambazo tungekaa na watoto wetu kabla hawajarudi shule. Hatuzipati. Zinaliwa na orodha za vifaa, na twisheni, na matokeo yanayotoka muhula ukiwa mlangoni. Kinachobaki nyumbani ni kugombana.

Nani asiyejua mtoto wa bweni anavyorudi Desemba? Anaingia na tranka lake, shikamoo baba, shikamoo mama, halafu anapotelea chumbani. Ukimuuliza shule ikoje, "freshi". Chakula je? "Poa." Analala mpaka saa tano asubuhi na sisi tunapiga kelele kwamba huo ni uvivu, ingawa wataalamu wa usingizi wameshaeleza kuwa mwili wa kijana wa umri huo huchelewa kutoa homoni ya usingizi, ndiyo maana usiku wa manane yuko macho na asubuhi hajashiba kulala. Na huyu ni mtu aliyeamshwa na kengele alfajiri muhula mzima. Acheni alale. Wazazi wenzetu, tukubaliane angalau hapo.

Tabu ni kwamba kijana hafunguki haraka. Wiki za kwanza anazimalizia kwenye simu, kwa sababu shuleni simu ni marufuku na amekaa miezi bila kuishika. Kama hana yake anaazima ya mama. Bando la wiki linakata siku ya pili, na LUKU nayo inakimbia kwa kuwa feni haizimwi na televisheni haizimwi. Tunasema, tunachoka, tunasema tena. Halafu jioni moja umeme unakatika mtaa mzima, chaji imekwisha, mnakaa kibarazani mkijipepea, na mtoto ambaye hajaongea la maana tangu afike anauliza: "Mama, hivi nikiacha fizikia utakasirika?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Anataka kusomea nini, mwalimu gani anamwogopa, nani alikuwa akilia usiku bwenini, ile hela aliyoomba mara mbili ilikwenda wapi. Mzazi wa kijana anaijua thamani ya jioni hiyo. Haipangwi, na ukiilazimisha haiji.

Sasa basi, ikija, mara nyingi Januari imeshaingia na fomu ya shule imeshatua kwenye kundi la wazazi la WhatsApp.

Isomeni fomu hiyo taratibu. Godoro la futi mbili na nusu. Shuka jozi mbili, bluu bahari, wala si bluu nyingine. Chandarua. Ndoo mbili zenye mifuniko. Fagio la chelewa, fagio la ndani lenye mpini, fyekeo au jembe kutegemea kidato, rimu ya karatasi. Kaunta buku za kwaya tatu na za kwaya nne, kwa kila somo idadi yake. Viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba. Tulipeleka fyekeo, tukapeleka jembe, na sasa linatakiwa fyekeo lingine. Fyekeo halichakai kwa mwaka mmoja. Lile la kwanza liko wapi? Hatumtuhumu mtu, tunauliza kwa sababu tulilinunua kwa hela ya mboga ya wiki nzima.

Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita navyo vimeingizwa. Tunashukuru, tena kwa moyo. Ila mzigo umehamia kwenye orodha, na orodha haina anayeikagua. Inaandikwa shuleni, inarefuka kila mwaka, na inatufikia ikiwa imebaki wiki moja au chini ya hapo. Wiki hiyo Mtaa wa Kongo pale Kariakoo haupitiki. Kila mzazi wa Dar es Salaam yuko pale na karatasi mkononi, na wauzaji wanajua kabisa kwamba hatuna siku ya kusubiri bei ishuke.

Na kijana amerefuka. Suruali ya sare iliyomtosha Julai inaishia juu ya kifundo cha mguu, na upindo fundi alishaushusha wote. Unasimama naye kwenye kibanda cha viatu, anajaribu namba 43, anakunja vidole ndani, anasema kinamtosha, kwa sababu amekuona unavyohesabu noti. Mtoto wa miaka kumi na tano ameshajifunza kumficha mzazi wake mguu unaobanwa. Hilo linatuuma kuliko bei yenyewe. Laiti tungeambiwa Desemba, tungenunua kiatu mapema, ndoo baadaye, daftari kidogo kidogo, na kijana asingelazimika kuziona hesabu zetu zote kwa siku moja.

Mwenye mtoto wa Kidato cha Pili ana lake la ziada. Asiyefaulu upimaji wa taifa anarudia mwaka. Anayefaulu anaingia Kidato cha Tatu na kuchagua masomo ya kuendelea nayo. Mwaka 2024 matokeo yalitangazwa Jumapili ya Januari 7, na kesho yake, Januari 8, shule zikafunguliwa. Tulitakiwa tununue vitabu vya kidato gani, na kwenye duka lipi la Jumapili usiku? Mtoto naye, ambaye pengine amejua jioni ile kwamba anarudia, alitakiwa asubuhi avae sare akakae na wadogo zake kabla hata hajamaliza kulia. Mwaka 2025 yalitoka Januari 4 na shule zikafunguliwa Januari 13. Siku tisa. Tuliweza kukaa na mtoto, kumtuliza, kwenda kwa mwalimu kuuliza. Kwa hiyo inawezekana, na ndiyo maana tunalidai hilo.

Kuna jambo la nywele, ambalo kina baba hulipita haraka. Msichana amesukwa rasta Desemba, amependeza, amejiona mtu mzima kidogo. Siku mbili kabla ya safari anakaa kwenye kigoda uani, dada yake anamfumua kwa mpini wa kitana, nywele bandia zinajaa kapu, kisha anapelekwa kunyolewa zibaki fupi kama fomu inavyotaka. Wengine hulia. Baadhi yetu tunaona shule zingelegeza; wengine wanasema nywele fupi zinaokoa muda na hela. Hapo hatujaelewana.

Lakini kwenye twisheni tuko pamoja. Wizara ya Elimu imeshakataza masomo wakati wa likizo, na shule nyingine zinalizunguka katazo kwa kubadilisha jina. Inaitwa kambi. Inaitwa maandalizi. Unaambiwa ni hiari, halafu huko huko kwenye hiari mwalimu anaanza mada mpya, na asiyekuwepo atajijua. Mtoto aliyeahidiwa kwenda kwa bibi yake Lushoto anakatisha safari Desemba haijaisha. Bibi ana umri wake. Likizo ijayo anaweza asiwepo, na somo la logi lingefundishwa hata Februari.

Wanafunzi wa kutwa nao hawajasalimika. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na kwa sababu hiyo makondakta wengi huwaacha vituoni. Wa basi la shule wanachukuliwa giza likiwa bado nene. Hivyo wiki ya mwisho ya likizo tunaitumia kuwarudisha kwenye saa za kuamka, kwa makelele, na nyumba nzima inakasirika. Usafiri wa mikoani hatuuongelei sana. Anayejua Kituo cha Mabasi cha Magufuli mwanzo wa Januari anajua tiketi zinavyotafutwa.

Tunachotaka kinatekelezeka bila senti ya nyongeza. Orodha ya vifaa ifungwe bahasha moja na ripoti ya mwisho wa mwaka, Desemba, na kilichopelekwa mwaka jana kisidaiwe tena bila maelezo. Matokeo ya Kidato cha Pili yatangulie ufunguzi wa shule kwa wiki nzima, kila mwaka, si mwaka tutakaobahatika. Masomo ya likizo yakome kweli, yakiitwa kwa jina lolote. Kikao cha wazazi kikiitwa muhula huu, tutakwenda na fomu zetu za miaka mitatu tukazilinganishe mbele ya bodi ya shule, mstari kwa mstari, tukianzia na mafyekeo.