Folda Tupu ya Asubuhi: Tufundishe Amri au Tufundishe Kuuliza?

Umeme ukikatika hapa Mzinga kisha ukarudi, kompyuta zote za maabara yetu huwaka kwa pamoja. Zile za wanachuo huwa tayari mapema. Seva, inayotunza maandalio ya masomo ya wote, huchelewa, kwani hukagua kwanza diski zake. Kompyuta ya mwanachuo huitafuta folda ya pamoja, hukosa jibu, wala hairudii tena. Mwanachuo akifungua folda, huikuta tupu.

Asubuhi moja mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alikutwa na jambo hilo. Hakumwuliza mtu. Aliandika upya andalio lake la somo, akalihifadhi humo humo, akaenda kunywa chai. Nami nikapita, nikaandika amri niliyozoea, mount -a. Maandalio ya zamani yakarejea, lile jipya likatoweka. Alikwenda darasani mikono mitupu. Andalio halikuwa limefutika: lilikuwa katika diski ya kompyuta ile ile, limefunikwa na folda ya seva kama mkeka uliotandikwa juu ya mkeka. Tulipoiondoa ya seva kwa umount tulilikuta, lakini kipindi kilikuwa kimekwisha.

Sikukosa amri, amri ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nikiifundisha kama dawa, kumbe ni swali. Ikifaulu baada ya kompyuta kutulia, imetuambia kwamba anwani ya seva na neno la siri ni sahihi, na kilichokosekana ni wakati tu. Ikikataa, tuendelee kuuliza. Je, seva huitika kwa anwani ya tarakimu lakini si kwa jina? Basi kasoro imo katika utafutaji wa majina. Huitika kwa vyote viwili, na bado folda inakataa? Hapo ndipo tutazame neno la siri na ruhusa.

Kama kasoro ni ya wakati, marekebisho hufanywa katika faili la /etc/fstab. Wengi huongeza neno _netdev, ili kompyuta ingoje mtandao. Kwetu halitoshi, maana mtandao huweza kuwa tayari hali seva bado haijaamka. Napendelea x-systemd.automount: folda huunganishwa pale tu mtu anapoifungua, na seva ikiwa bado, hupata taarifa ya kosa waziwazi badala ya folda tupu ya kumdanganya. Akijaribu tena baadaye, itafunguka.

Wako wakufunzi wenzangu wasemao kwamba mwalimu si fundi. Ni kweli. Lakini mwalimu huyo akipangiwa shule huko juu Uluguru, fundi yuko mjini Morogoro, na njia za milimani wakati wa masika tunazijua.

Siku hizi, katika kipindi cha kwanza cha muhula, huizima seva makusudi kabla wanachuo hawajaingia. Wakinijia na malalamiko, sijibu neno mpaka waniambie wameanza kwa kuuliza swali gani.