Huo mkono wa mtu ni wa nani?

Msibani, hata jeneza halijatoka ndani, utamsikia mtu nyuma ya turubai akinong'ona: "Hapa kuna mkono wa mtu." Marehemu alikuwa na miaka 46. Alikuwa na presha, na dawa aliziacha tangu Ramadhani kwa kuwa alijisikia nafuu. Waombolezaji wanayajua hayo, mkewe ameyasema asubuhi huku analia. Ikifika jioni hakuna anayeyarudia. Kinachozungumzwa ni shemeji fulani aliyeonekana akipita nyuma ya nyumba mwezi uliopita.

Huo mkono nimeuchoka. Nimeuchoka kwa sababu niliuamini kwa moyo wote, na kwa imani hiyo nikamuumiza mtu asiye na kosa.

Nilikuwa na kuku wa kienyeji 140 nje kidogo ya Kibaha. Mama mdogo alikuja kututembelea Juni, akasimama mlangoni kwa banda, akawatazama matetea wakiparua, akasema: "Mwanangu, kuku wamenona hawa, sisi tutawala lini?" Akacheka. Hakusema mashallah. Wiki tatu baadaye kuku mmoja alizubaa pembeni, mabawa yamelegea, choo cha kijani. Kesho yake walikuwa tisa. Wengine walipinda shingo, wakawa wanazunguka palepale kama wanatafuta kitu kilichoanguka. Ndani ya siku kumi nilikuwa nimebakiwa na 11.

Kila mfugaji anayesoma hapa ameshautaja ugonjwa huo kwa jina: mdondo, wengine wanauita kideri. Mimi pia nilikuwa naujua. Lakini nilipanda gari kwenda kwa mganga.

Yule mganga, nataka msomaji alitazame hili kwa makini, hakunitajia mtu. Aliniuliza kama siku za karibuni kuna mgeni wa kike alifika. Nikasema ndiyo. Akauliza, ni wa damu? Nikasema ndiyo. Aliisifia mali yako? Hapo nywele zilinisimama. Nikalitaja jina mwenyewe, yeye akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikitika. Nilimlipa elfu sabini. Nilirudi nyumbani na dawa ya kufukiza banda, na kwa miaka miwili sikumwamkia mama mdogo. Harusi ya mdogo wangu hakualikwa.

Daftari la banda nililifungua mwaka uliofuata, nilipotaka kuanza upya. Chanjo ya mdondo, ile ya tone moja kwenye jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tarehe ya mwisho niliyoandika, kwa mwandiko wangu, ilikuwa 12 Februari. Kuku walikufa Julai. Mistari iliyofuata ilikuwa mitupu.

Nimekaa na ukurasa ule muda mrefu, na nimeelewa kwa nini imani hii ina nguvu. Mistari mitupu inaniuliza mimi. Mama mdogo, akishatajwa, anazuia swali lisinifikie.

Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa upande wa Tanzania, zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliohojiwa walisema wanaamini uchawi. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni mambo ya bibi na babu vijijini. Duka linapokula mtaji mjini, mwenye duka anasema ni chuma ulete. Mwombe daftari la mauzo, hana. Kaa naye siku moja nyuma ya kaunta uone: nauli ya mtoto inatoka kwenye droo, vocha inatoka kwenye droo, kilo ya sukari inapelekwa nyumbani bila kuandikwa, jirani anachukua unga kwa mali kauli na deni linahifadhiwa kichwani. Jioni anahesabu, fedha haifiki. Basi kuna mtu kaivuta kwa uchawi! Anafukiza duka, anachanjiwa, anamwaga chumvi mlangoni, na kesho yake droo ni ileile na mkono unaoingia ndani yake ni uleule.

Wengine wameuhamishia mkono huo kanisani, wanauita laana ya ukoo au roho inayofuatilia, na mafuta ya upako yamekaa pale ilipokuwa hirizi. Majina yamebadilika, lakini bado mtu anaambiwa kwamba chanzo cha shida zake kiko kwa mwingine.

Na hata anayefanikiwa hapati haki yake. Kijana akijenga akiwa na miaka 30 tunasema ana ndagu, katoa kafara, kajiunga na Freemason. Matokeo yake hakuna anayemwendea kumuuliza mzigo anaununua wapi, au alilala wapi miaka ile minne ya kwanza alipokuwa anazungusha faida badala ya kuila.

Wenye imani hii wana hoja, na nisiipite. Mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1937, alieleza habari ya ghala linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile ambapo watu hawa wamekaa pale. Swali hilo ni la binadamu wote, na mfiwa ana haki ya kuliuliza. Nami sina jibu lake. Ninachojua ni kwamba ukishamtaja mchawi, mchwa wanaendelea kula ghala la pili.

Wapo pia watakaosema ninawalaumu wanyonge. Hapana. Mtoto anayezaliwa na kifafa hakukosea kitu, wala mama yake. Mkulima aliyeuziwa mbegu feki amedhulumiwa kweli, na kijiji kisicho na zahanati hakijajinyima chenyewe. Lakini angalia imani ya mkono wa mtu inavyowahudumia wadhalimu hao. Aliyeuza mbegu feki ana jina, ana duka, pengine aliandika risiti. Anaweza kushtakiwa. Shamba likikauka na mwenye shamba akamgeukia jirani yake mjane, muuzaji yule analala usingizi mnono. Sijawahi kusikia mganga aliyepiga ramli ikamwangukia mwenye duka la pembejeo.

Ramli humwangukia bibi. Usukumani wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka hamsini ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, wakiwapikia haohao. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizohizo. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya watu wenye ualbino kuwindwa kama wanyama. Sheria ya Uchawi tunayo tangu ukoloni, mwaka 1928. Karibu karne nzima ya sheria, na ramli bado inapigwa, kwa sababu mganga hauzi kitu ambacho hatujaenda kukitafuta. Mimi nilikwenda nikiwa na jina mdomoni tayari.

Tena tumeipa imani hii methali ya kuegemea. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, tukimaanisha kwamba adui yako ni ndugu yako, kaa naye kwa tahadhari. Methali hii imevunja koo nyingi. Hebu tuisikilize inavyosema yenyewe. Kilicho nguoni ni chawa, na nguo ni yangu. Ndugu hatajwi hata kwa herufi moja. Anayewashwa avue ageuze pindo, aangalie kwenye mishono, achemshe maji. Sisi tunawashwa, tunatoka nje na nguo ileile mwilini, tunaenda kumpiga jirani.

Na wakati ule wa kumtafuta mchawi ndio wakati wenyewe wa kuokoa kitu. Nilipoteza siku tatu kwenye safari ya mganga. Siku ya kwanza kuku waliokuwa wameonyesha dalili walikuwa hawafiki kumi. Ningewatenga wagonjwa, ningemwita bwana mifugo, ningewazika waliokufa badala ya kuwatupa kichakani ambako mbwa waliwasambaza hadi kwa majirani. Ndiyo, majirani nao walipoteza kuku. Bandani kwao huenda na wao walikuwa wanatafuta mkono wa mtu, na kwa mara moja mtu huyo alikuwepo kweli, alikuwa mimi.

Vivyo hivyo kwa anayepooza upande mmoja. Kiharusi kinahitaji hospitali ndani ya saa chache. Wengi wetu tunamjua mtu aliyepitishwa kwanza kwa mtaalamu wa majini, akakaa huko wiki, mguu na mkono vikaganda kwa maisha. Wenye kisukari wanafikishwa wodini na kidonda kimeshaoza, maana walikanyaga "kitu" walichotegewa njiani.

Desemba iliyopita nilimwendea mama mdogo. Amezeeka kuliko nilivyotarajia. Nilimkuta barazani ana ungo magotini, anachagua mchele, nikaketi chini mbele yake na kumweleza yote, mganga, elfu sabini, harusi. Hakunikatiza. Vidole viliendelea kutoa vijiwe na kuvitupa pembeni. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama kuku nilionao sasa wamechanjwa.

Nikamtajia tarehe.