Chipu Mbili, Dereva Mmoja



Sisi wa Tunduma, tunaolala na kuamka kwa mngurumo wa malori, twaweza kudhani kwamba magari yanayojiendesha ni habari ya watu wa mbali. Lakini shaba ya Zambia na Kongo, inayovuka hapa mpakani ikielekea bandari ya Dar es Salaam, ni miongoni mwa madini yanayohitajika sana katika magari ya umeme. Basi yatupasa kuyatafakari.

Mwaka 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani, iliyokuwa ikitegemea chipu za makampuni mengine, ilianza kubuni ya kwake. Ilitaka chipu isiyofanya kila kazi, bali iliyoundwa mahsusi kutambua yanayoonwa na kamera za gari. Mwezi Aprili 2019 iliionyesha hadharani: kipande kidogo chenye transista bilioni 6, kinachoweza kufanya mahesabu takriban trilioni 72 kwa sekunde.

Hata hivyo, kilichotugusa si wingi wa mahesabu. Wahandisi waliweka chipu mbili katika kompyuta moja ya gari, kila moja ikiwa na umeme wake. Kila moja ilikusudiwa kuamua, kisha maamuzi yalinganishwe kabla gari halijatenda. Ikiharibika moja, nyingine iwepo. Waliounda chombo chenye nguvu namna hiyo hawakukiacha kiamue peke yake.

Sasa tumtazame dereva wetu. Amesubiri kwenye foleni ya mpakani, amelala kitini, kisha anaambiwa awahi bandarini. Anaukabili mteremko wa Senjele wilayani Mbozi akiwa na tani nyingi mgongoni na usingizi machoni. Utingo aliye pembeni yake huenda hana leseni. Hakuna wa kumpokea usukani.

Wenye malori watasema dereva wa pili ni gharama. Ni kweli. Chipu ya pili nayo ni gharama, na imelipiwa. Iwapo kipande cha silikoni kimestahili mwenzake, mtu mwenye mke na watoto wanaomngojea amepungukiwa nini?

Tunawasihi basi wamiliki wa malori walio miongoni mwetu: kabla ya kupanga safari, pangeni kwanza mapumziko ya dereva, na safari ndefu ipeni madereva wawili. Teknolojia hiyo ya kulinda uhai haihitaji kiwanda. Yahitaji uamuzi tu.