Bundi Naye Aonewe Huruma

Mtoto wa Migwani aokotapo njiwa aliyevunjika bawa, humpeleka nyumbani, akamtilia maji kifuuni na kumtafutia chembe za mtama. Hapana amlaumuye. Lakini majeruhi huyo akiwa bundi, huruma hugeuka mawe. Katika jamii nyingi za Kenya, Wakamba wakiwamo, mlio wa bundi karibu na nyumba huaminika kuwa tangazo la msiba.

Imani hiyo haikosi msaada wa kalamu. Waandishi wa Kiswahili wamemtumia bundi kuwa ishara ya nuksi na mauti, na wahakiki mara nyingi huifafanua ishara hiyo bila kuihoji. Hivyo fasihi nayo hushiriki kumhukumu kiumbe asiye na hatia.

Ukweli wa shambani ni mwingine. Mkulima wa Migwani hupanda mtama, mawele, kunde na pojo katika ardhi yenye mvua haba, kisha panya humpunguzia hicho kidogo alichovuna. Bundi huwawinda panya hao usiku, pasi na ujira. Amwuaye bundi humwua mlinzi, akamwacha mwizi.

Hata hivyo, huruma bila maarifa haitoshi. Bundi si kuku. Ugali haumfai, na maji akimiminiwa mdomoni huweza kuingia katika njia ya pumzi yakamwua. Yafaa afunikwe kitambaa kwa kuhofia kucha zake, awekwe katika boksi lenye matundu, penye giza na utulivu, wala asichezewe. Kisha ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iarifiwe, kwani sheria ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Huko Naivasha kipo kituo kinachotibu ndege mbuai, bundi wakiwamo. Wanaopona na kuweza kuwinda hurejeshwa porini.

Wapo watakaodai kwamba ishara ni urithi, na urithi hautupwi. Ni kweli, wala hakuna haja ya kuufuta. Ishara na isomwe kama ishara. Ila mwalimu wa fasihi aifunzapo darasani, na amkumbushe mwanafunzi kwamba bundi wa kitabuni hana damu, bali yule aliyeanguka chini ya mgunga anayo, na bawa lake linauma.