Bukavu: Pikipiki za zamani zionyeshwe kabla hazijageuka sufuria

Kwenye vibanda vya mafundi wa Kadutu, nyuma ya TVS na Boxer zinazongoja kubadilishiwa mnyororo, mara nyingi kuna pikipiki moja isiyongoja chochote. Ni Yamaha AG100, au DT 125, au Honda XL. Rangi imekwisha, tangi limeshika kutu, kiti kimefungwa kwa kipande cha hema. Fundi akiulizwa ni ya nani, anajibu kwamba ni ya padri, au ya projet fulani iliyofunga, au ya mzee wa Walungu ambaye watoto wake hawakurudi kuichukua. Halafu siku moja haipo tena. Mnunuzi wa chuma chakavu amepita.

Wengi hawajiulizi inakwenda wapi. Fremu inakatwa. Aluminiamu ya injini inayeyushwa, inamiminwa kwenye mchanga, inatoka sufuria. Mama anayesonga bugali leo Bagira au Panzi, huenda anasonga ndani ya injini iliyopeleka chanjo mpaka njia ya Shabunda. Hakuna ubaya kwa sufuria, watu wanakula. Ubaya ni kwamba mji mzima unaishi juu ya pikipiki, na hakuna hata sehemu moja ambapo mtoto anaweza kuoneshwa ile iliyotangulia.

Miji mingine imefanya jambo hilo. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kuna mashindano yanayoitwa Concours d'Elegance. Yalianza miaka ya 1970 na yanatayarishwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Pikipiki nazo zina nafasi yake. Wenyewe wanazisafisha mpaka chini ya injini, waamuzi wanapita na karatasi, wanatoa alama. Uingereza, pale Stafford, klabu za pikipiki za zamani hukusanyika na kila klabu inapewa sehemu yake ya kupanga mashine. Mwanachama anakaa kando ya pikipiki yake tangu asubuhi, na anayepita anauliza: uliipata wapi, kabureta ulitoa wapi, inawaka kweli? Hayo mazungumzo ndiyo watu wanayofuata. Kuangalia tu kunachukua dakika moja.

Msomaji wa Bukavu atasema: hizo ni pikipiki za watu wenye makuta, huku hakuna za namna hiyo. Lakini kuna kanuni moja ya kukumbuka. Klabu kubwa ya Uingereza ya pikipiki za kale, iliyoanzishwa 1946, inakubali mashine yoyote iliyotimiza miaka 25. Miaka 25 tu. Kwa hesabu hiyo, AG ya parokia iliyoletwa wakati wa Zaire imepita zamani. DT ya zone de santé imepita. Nyua za Ibanda na Kadutu zina mali ambayo mahali pengine watu wanalipa kiingilio kuiona.

Na kuna historia ya zamani zaidi, ambayo wengi hawaijui. Huku Kivu jina FN linajulikana kwa bunduki. Kiwanda hicho kilianza 1889 huko Herstal, karibu na Liège, kwa kutengeneza bunduki kweli, lakini tangu mwanzo wa karne ya 20 mpaka miaka ya 1960 kilitengeneza pia pikipiki, na 1905 kilitoa pikipiki ya silinda nne wakati wengine wengi walikuwa bado wanahangaika na moja. Pale pale Herstal kulikuwa na viwanda vingine viwili vya pikipiki, Saroléa na Gillet, na Wabelgiji waliviita vyote vitatu "wasichana wa Herstal". Wakati mji huu ulipoitwa Costermansville, hayo ndiyo yalikuwa majina makubwa ya pikipiki kwa mkoloni. Kama kuna familia yenye picha ya babu, boi au karani, akiwa amesimama kando ya mojawapo, hiyo picha peke yake inatosha kupewa meza.

Lakini onyesho la Bukavu lisiige la Nairobi. Kule mwamuzi anaondoa alama kwa uchafu na kwa kitu kisicho cha kiwandani. Huku kanuni hiyo ingetupa nje pikipiki zote, na ingetupa nje kitu chenye thamani kuliko vyote. AG100 ilitengenezwa kwa wakulima: ina stendi pande zote mbili ili isimame kwenye mteremko, mnyororo wake umefunikwa kabisa dhidi ya matope, na mbele na nyuma kuna chuma cha kubebea mizigo. Yamaha walifikiri vizuri. Barabara ya Burhale iliwaonyesha kwamba hawakufikiri vya kutosha. Mafundi wa huku waliongeza vyuma, wakaunga fremu, wakakata sahani ya klachi kutoka kitu kingine, wakatengeneza gasketi kwa karatasi ya boksi. Kila alama ya kuunga ina safari yake. Mwamuzi wa Bukavu ahesabu hizo. Aulize: nani aliunga hapa, mwaka gani, na ilitembea kilomita ngapi baadaye? Mwenyewe akijibu vizuri, apewe alama zote, hata kama tangi limetoboka.

Hapo ndipo kuna haraka. AG na DT ni injini za mipigo miwili, zinachoma oili pamoja na petroli, zina tangi dogo la oili na pampu yake. Pampu ikikufa, fundi anachanganya mwenyewe kwa mkono, na akikosea kipimo pistoni inashika. Vijana wanaofungua vibanda leo wamejifunza kwa injini za mipigo minne, nyingi zikiwa watoto na wajukuu wa Honda CG125 ya 1976 ambayo viwanda vingi vya China viliiga. Hawana kosa, ndiyo kazi inayoingia. Lakini anayejua kusikiliza injini ya mipigo miwili na kusema "hii si buji, hii ni hewa inaingia pembeni" ni mzee, macho yamepungua, na hakuna aliyekuja kumuuliza. Pikipiki ikienda kuyeyushwa, ujuzi wake unabaki bila mahali pa kushikia.

Kuna wanaosema huu si wakati. Mji umeona 1996, 1998, Juni 2004, na uporaji wa Februari 2025, na kila mara pikipiki ni katika vitu vya kwanza kutafutwa. Nani ataleta yake kwenye uwanja mmoja na kuipanga mstari? Hoja hiyo ni nzito, tena nzito kuliko ile ya njaa, kwa sababu onyesho lenyewe halina gharama kubwa. Na nyuma yake kuna woga mwingine ambao hausemwi kwa sauti: karte rose, plake, vignette, bima. Pikipiki ambayo haijatembea miaka kumi haina hata karatasi moja, na mwenyewe anajua kwamba ikitokea barabarani kuna atakayeisimamisha.

Kwa hiyo lisiwe jambo la barabarani, na lisianze kwa ukubwa. Pikipiki kumi zinatosha, ndani ya uzio, zikisukumwa au kubebwa bila kuwashwa njiani. Kiwanja cha Collège Alfajiri kingetosha siku ya Jumapili mchana. Mashirika ya wamotari, ambayo yanajua kupanga msururu mrefu kila mwenzao anapozikwa, yanaweza kupanga mstari mfupi wa mashine kumi. Meri atoe barua ya siku moja inayosema kwamba hakuna atakayeulizwa karatasi ndani ya uzio ule. Hilo halimgharimu franga. Akikataa, basi zikusanywe picha na sauti za wenyewe kwanza, mashine zibaki nyumbani.

Na jioni, baada ya watu kutazama, iletwe chupa moja ya petroli kutoka kwa Kadhafi wa pale nje, oili ipimwe kwa kizibo kama zamani, mzee mmoja wa Kadutu apewe kiki ya AG ajaribu mbele ya vijana. Huenda isiwake mara ya kwanza. Vijana wenyewe watasogea karibu kuona anagusa nini.